Siku Darasa la Sita Lilipokubali Kosa

Mke wangu alinifundisha hesabu nikiwa tayari na mvi. Nasema "alinifundisha" kwa heshima yake, kwa sababu upande wangu hakuna kilichoingia kikakaa. Mimi ni mtu wa maneno. Nilisoma fasihi chuo kikuu, Kisangani, na tangu hapo naishi hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, kwa kutafsiri ripoti za mashirika ya misaada na kuandika makala ambazo rafiki zangu husema wamezisoma. Hesabu tuliachana nayo shule ya sekondari, na sikuona dalili yoyote kwamba iliumia.

Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu wa darasa la sita la sekondari, wale wanaojitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Alianza kazi hiyo kabla watoto wetu hawajazaliwa, na watoto wenyewe sasa wanasoma mbali. Mjini nilijulikana kama bwana wa Madame. Hata mafundi wa pikipiki walionitengenezea gurudumu walipunguza bei kwa sababu aliwahi kuwafelisha.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua alikuwa akipiga pasi blauzi yake ya kazini kwa pasi ya makaa, akaniita. Kwa kawaida aliniita "muzee", tangu tukiwa vijana, kwa dhihaka. Siku hiyo aliniita "sufuria". Nilipofika mlangoni nilimkuta ameinamia meza, mdomo umevutwa upande mmoja, blauzi inaungua. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kwa mikono yote miwili, na dereva akiniuliza njia nzima kama mama anapumua.

Kilikuwa kiharusi. Alirudi nyumbani akiwa hai, jambo ambalo nililitangaza kwa majirani kana kwamba nililifanya mimi. Mkono wa kulia ulikuwa umelala. Maneno yake yalikuwa kama nguo zilizorudishwa sandukuni na mgeni: zote zipo, ila hakuna iliyo mahali pake. Aliomba chumvi akitaka sabuni. Alitia chumvi katika chai akitaka sukari, nami nikainywa chai ile hadi tone la mwisho na kumshukuru. Niliona hayo ndiyo mapenzi. Namba, kwa bahati, zilikuwa zimebaki. Au tuliamini hivyo.

Alitaka kitu kimoja tu: kurudi darasani. Si mshahara uliomkosesha usingizi, na hata mkono haukumsumbua hivyo. Alitaka kusimama tena mbele ya lile darasa lake la sita.

Prefe, yaani mkuu wa shule, alikuja kumwamkia akiwa na kilo ya sukari. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani.

"Madame, nafasi yako iko," alisema. "Lakini batoto iko na mutihani mwaka huu. Utanipa leçon moja ya kujaribu. Mimi nitakaa nyuma, nitasikiliza. Kama inaenda, unarudi. Kama haiende, tutaona kazi ingine, labda ya bibliothèque, kuchunga vitabu."

"Sitaki bibliothèque," mke wangu alisema. Maneno hayo yalitoka yote, kwa mpangilio wake. "Mule munalala panya."

Prefe alicheka. Alikuwa mtu wa haki, na nilimchukia kwa sababu hiyo. Kama angekuwa mwovu, ningekuwa na la kufanya.

Basi mazoezi yakaanza. Sebuleni kwetu kuna sehemu ya ukuta iliyopakwa rangi nyeusi, alikowafundishia watoto wetu. Nilikalia kigoda cha jikoni, magoti yakinifika kifuani, nikawa darasa zima. Somo lilikuwa dérivée. Kwa wasiolijua, na nilikuwa mmoja wenu hadi majuzi: ni hesabu ya kujua kitu kinabadilika kwa kasi gani. Unapewa fomula ndefu, na unatafuta nyingine inayosema ile ya kwanza inapanda au inashuka kiasi gani kila mahali.

Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikiyumba. Juu ya mstari: x mara x, toa tisa. Chini ya mstari: x toa tatu.

"Tafuta dérivée."

Nilikumbuka kwa mbali kanuni ya sehemu. Unachukua dérivée ya juu unazidisha na ya chini, unatoa ya juu ukizidisha na dérivée ya chini, halafu yote unaigawanya kwa ya chini iliyozidishwa kwa yenyewe. Nilianza kazi. Nilijaza ubao mpaka nikafika kwenye swichi ya taa, nikaizunguka, nikaendelea upande wa pili.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Iko nini pale?"

"Sijui. Lakini iko mingi."

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki wake.

"Weye unapenda kuteseka. Safisha mbele, kwanza kabisa! Mbele ya kutafuta dérivée, angalia kitu yenyewe. Ile ya juu, ivunje."

Akaivunja mwenyewe. Ile ya juu ilikuwa, kumbe, x toa tatu ikizidishwa na x jumlisha tatu. Akakata x toa tatu ya juu na x toa tatu ya chini, mistari miwili ya chaki. Ikabaki x jumlisha tatu, jambo dogo kabisa, limesimama peke yake kama mtoto aliyetoka kuoga. Dérivée yake ni moja.

"Moja?"

"Moja."

"Kazi yangu yote hii, ilikuwa moja?"

"Ilikuwa moja tangu mwanzo, muzee. Ni weye ulikuwa unazunguka."

Kisha akanionyesha pembeni mwa ubao. "Andika pale: x haiwezi kuwa tatu. Umemukata, sawa. Lakini usisahau kama alikuwaka pale." Ndivyo walivyofundishwa walimu wa rika lake, na ndivyo walivyofundisha. Mwanafunzi aliyekata bila kuandika sharti hilo alipoteza nusu ya alama, na hakuna mzazi aliyewahi kumfanya mke wangu abadili msimamo, hata wale waliokuja na kuku.

Kulikuwa na kanuni nyingine, iliyokuwa juu ya zote. Unakata kinachozidisha tu. Kinachojumlisha hukigusi. Mtoto anayeona x juu katikati ya kujumlisha, na x chini, akazikata bila kujali kilichobaki kando, huyo mke wangu alimwita muuaji. Alilitamka neno hilo kwa Kifaransa, assassin, ili liume vizuri. Na kwa sababu kosa hilo ndilo linalowaangusha wengi, aliwategea mtego. Kila baada ya muda alilifanya mwenyewe ubaoni, makusudi, akiendelea na kazi kana kwamba hakuna kitu. Hapo darasa zima lilipiga madawati kwa viganja na kupaza sauti: "Madame, tunakataa!" Aliyepiga wa kwanza alipewa heshima ya kufuta ubao. Kelele hizo zilisikika hadi sokoni. Mafundi wa cherehani walioko karibu na shule walikuwa wakisema: "Leo tena Madame ameua mutu."

Tulifanya mazoezi kila jioni kabla giza halijaingia. Maneno yalianza kurudi. Nilipomuuliza swali la kijinga alinijibu kwa hasira, na hasira yake ilikuwa na sarufi safi, nami nikaanza kuuliza maswali ya kijinga kwa wingi zaidi. Hilo halikunigharimu juhudi. Nilianza kuamini.

Siku ya leçon alivaa blauzi mpya. Aliniomba niende naye, nikae nyuma na prefe. Tulibanana kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watoto, wanaume wawili wenye vitambi, magoti yamekwama.

Darasa lilisimama. "Bonjour, Madame!" Alikuwa hajawaona tangu ugonjwa, na walikuwa wamechana nywele, wote, hata wale ambao kwa kawaida hawana uhusiano na kitana. Mbele alikaa msichana mmoja ambaye familia yake ilikimbia vita kutoka Bule, anayeishi hapa kwa shangazi yake. Mke wangu alikuwa akinisimulia habari zake: ndiye alikuwa wa kwanza kupiga dawati, siku zote, na alipiga kama anayegonga mlango wa adui.

Alianza vizuri. Aliandika pole pole, mkono wa kushoto. Alitaka kusema "fraction" akasema "sahani". "Angalieni sahani ya juu." Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja alijibu: "Sahani ya juu, Madame, inavunjika mara mbili," kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba duniani kote sehemu huitwa sahani. Niliwapenda watoto wale. Nilimtazama prefe, naye alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Zoezi la kwanza likaenda. La pili likaenda. Alikuwa anatoka jasho, na uso wake ulikuwa umefunguka. Kwa la tatu aliandika juu ya mstari: x mara x, jumlisha tano. Chini: x.

"Mbele ya yote?" aliuliza.

"Tunasafisha!" darasa likaitika.

Akasafisha. Alikata x ya chini. Alikata x moja ya juu. Na ile tano, iliyokuwa kando ikijumlishwa, aliiacha ilivyo, haikugawanywa na chochote. Akaandika: x jumlisha tano. Akaandika dérivée yake: moja. Akapiga mstari chini ya jibu.

Hata mimi niliona. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona kosa la hesabu bila kusaidiwa, na sikuwahi kuutamani ujinga wangu namna ile.

Viganja viliinuka darasani. Niliviona kutoka nyuma, safu baada ya safu, vimesimama juu ya mbao. Kisha watoto wakamtazama usoni. Baadaye nilielewa walikuwa wanatafuta nini. Alipokuwa akitega mtego aliangalia dirishani, kwa kuwa alishindwa kuficha kicheko. Safari hii hakuangalia dirishani. Aliwaangalia wao, amefurahi, chaki mkononi.

Msichana wa Bule alishusha kiganja chake taratibu na kukiweka mapajani. Akachukua kalamu. Akainama, akanakili. Mmoja mmoja, wote wakainama, wakanakili.

"Iko sawa?" mke wangu aliuliza.

"Ndiyo, Madame."

Walijibu pamoja, kwa upole. Lile darasa halikuwahi kujibu kwa upole, na nadhani ndicho kilichomshtua. Alisita.

"Yote iko sawa?"

"Ndiyo, Madame."

"Na weye?" alimwuliza msichana wa Bule.

"Ndiyo, Madame," msichana alisema, akiangalia daftari.

Mke wangu aligeukia ubao. Aliusoma kutoka juu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Alipofika kwenye ile tano aliigusa kwa kidole, ikafutika kidogo.

"Huyu," alisema, "nilimuacha peke yake."

Nje pikipiki zilikuwa zikipiga honi. Aliweka chaki mezani, akajipangusa vidole kwenye ile blauzi mpya, akasema: "Futeni mu daftari. Ni uongo. Préfet, leçon imeisha."

Uani prefe alitukimbilia.

"Madame, ni kosa moja! Hata mimi nakosa. Tuseme utarudi wiki ijayo, tunaanza tena."

"Kosa haiko mbaya," alijibu. Alikuwa anatafuta kila neno, na tulimngojea. "Miaka yote nakosa mbele yao. Leo hawakukataa. Waliandika uongo yangu, juu ya kunihurumia. Wataenda nayo ku mutihani." Akapumua. "Mwalimu mwenye wanamuhurumia, huyo anaharibu batoto."

Prefe alivua kofia.

Mke wangu hakutaka pikipiki. Tulitembea, yeye akivuta mguu, vumbi la barabara kubwa likitupanda, magari meupe ya mashirika yakitupita na kurusha zaidi. Nilianza kusema yale yanayosemwa. Kwamba watoto walifanya kwa mapenzi. Kwamba lilikuwa zoezi moja kati ya matatu. Kwamba kurahisisha jambo kupita kiasi hutokea hata kwa waandishi, na mifano naweza kuitoa katika kazi zangu mwenyewe.

"Na weye pia," alisema.

"Mimi nini?"

"Chai."

Nilimshika kiwiko tupishe gari.

"Ilikuwa na chumvi. Ulikunywa yote. Nilikuangalia, nilingoja ukatae. Ukasema asante."

"Nilidhani ni dawa mpya ya presha," nilisema.

Zamani angecheka kwa mzaha huo, au angenitukana, na vyote viwili vingenitosha. Aliendelea kutembea.

"Zamani tuligombana," alisema. "Kila siku. Juu ya redio. Juu ya mama yako. Sasa kila kitu ndiyo, ndiyo. Nyumba muzima inanijibu ndiyo."

Niligundua, hapo katikati ya barabara, kwamba alikuwa sahihi, na kwamba nilitaka kumwambia hivyo, na kwamba neno pekee lililonijia lilikuwa "ndiyo".

Siku iliyofuata aliniomba nimwandikie prefe barua. Nilifurahi kupata kazi ninayoiweza. Niliandika kurasa tatu. Ndani yake nilitia miaka yake ya utumishi, wanafunzi wake walio wahandisi na waganga, wito wa ualimu, na sentensi moja kuhusu chaki ambayo, naomba niseme, haikuwa mbaya. Nilimsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono wa kushoto apewe kalamu. Alikata ukurasa wa kwanza wote. Alikata wa pili. Katika wa tatu aliacha mstari mmoja: kwamba hatarudi, na kwamba anawashukuru. Alisita juu ya ile sentensi ya chaki, nikashusha pumzi, akaikata nayo.

"Sasa peleka," alisema.

Niliipeleka. Prefe aliisoma akiwa amesimama, akaniuliza kama ni hiyo tu. Nikamwambia ni hiyo tu. Mwalimu mpya alikuja baada ya siku chache, kijana kutoka Mahagi, mwenye bidii. Nasikia anafundisha vizuri. Namtakia heri kwa namna ambayo Mungu na aichunguze yeye mwenyewe.

Mke wangu siku hizi anakaa barazani saa ambazo shule inatoka. Njia ya wanafunzi inapita mbele ya nyumba yetu, tangu zamani, na tangu zamani ilikuwa balaa: wanakuja na vicheko, wanasukumana, wanaimba nyimbo za Kilingala ambazo hawapaswi kuzijua, mmoja anamvua mwenzake begi. Ukiwa ndani unawasikia tangu kule kona ya wauza mkaa. Alhamisi iliyopita niliwasikia hivyo, wakija. Nilikuwa mezani na ripoti yangu. Kelele ilikaribia, ikakaribia, halafu mbele ya ua wetu ikakatika. Zikabaki nyayo tu. Walipoupita ua wetu, kelele ikaanza tena upande wa pili.

Nilitoka barazani. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mkono wake mzima.

"Wanapita kama mbele ya kilio," alisema. "Muzee, nenda. Waambie wapige kelele."

"Nani?"

"Wote. Wengine wanakuja. Waambie."

Nilivaa ndala zangu nikashuka barabarani. Kundi jingine lilikuwa linakuja, sare za buluu na nyeupe, na mbele alikuwa msichana wa Bule, anasimulia jambo kwa mikono yote miwili, wenzake wakifa kwa kicheko. Waliponiona walinyamaza. Vijana walichomekea mashati.

"Watoto," nilisema. Nilitafuta maneno, mimi mtu wa maneno. "Mnapopita hapa msinyamaze. Chekeni. Pigeni kelele kama kawaida. Madame anaomba hivyo."

Waliniangalia. Walitazama ndala zangu, mvi zangu, kisha baraza iliyokuwa nyuma yangu. Msichana alikunja mikono mbele yake, akainamisha kichwa kidogo, kama inavyofaa kwa mtu mzima aliyefikwa na msiba.

"Ndiyo, papa," alisema.

"Ndiyo, papa," wakasema wote.

Wakapita mmoja nyuma ya mwingine, wakikanyaga taratibu.